Usiiondoe kesi mahakamani kabla hujaomba kurekebisha hati ya madai

Kuna swali naulizwa na wateja, na siku hizi hata na mawakili wadogo wanaoanza kazi, linakuja kwa sura tofauti tofauti lakini ndo lilelile: hati ya madai imekosewa, kesi iko mahakamani tayari, mdaiwa ameshaleta utetezi, sasa tufanyeje, tuiondoe tukafungue upya au turekebishe hiyohiyo? Jibu langu ni moja na nalisema bila kumung'unya. Kama kosa linarekebishika omba kurekebisha, na omba mapema kabla mwenzako hajaliona, hilo wazo la kuiondoa kesi liwe la mwisho kabisa. Naandika kwa urefu kwasababu nimeona watu wakipoteza haki zao za kweli, wana mikataba, wana mashahidi, wana risiti, lakini wameangushwa na namna kosa la kwenye karatasi lilivyoshughulikiwa.

Niwaweke sawa kwanza ambao siyo wanasheria. Hati ya madai ndo karatasi anayofungulia kesi mdai: nani anamdai nani, nini kilitokea, lini, wapi, thamani yake shilingi ngapi, na anaiomba mahakama impe nini. Mdaiwa akishapelekewa wito ana siku 21 za kuleta maelezo yake ya utetezi kwa maandishi, na humo anaweza kuweka na madai kinzani. Zikishakamilika, hizo karatasi ndo mipaka ya ugomvi wenyewe. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishalisema hili kwenye kesi ya James Funke Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, imo kwenye ripoti za kesi za Tanzania, yani TLR, za 2004, kwamba kazi ya hizo karatasi ni kumpa mwenzako taarifa ya kesi anayokuja kuijibu ili asishtukizwe, na kwamba nafuu unayoiomba ambayo haina msingi kwenye karatasi kwa kawaida haitolewi. Yani unaweza ukapanda kizimbani ukaeleza jambo likaeleweka, ukaleta na mashahidi wazuri, halafu hakimu akaangalia hati yako akakuta hilo jambo halimo, basi limeishia hapo. Mfano unaoumiza watu kila siku ni hasara mahsusi. Gari lako limegongwa, umetumia milioni kadhaa kulitengeneza, na kila siku lililolala gereji umepoteza mapato. Hizo hela lazima zitajwe mojamoja kwenye hati ya madai na zithibitishwe kwa ukali, ndivyo ilivyosemwa kwenye Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, TLR ya 1992. Ukiandika tu "naomba fidia" ukadhani risiti utaziongea mbele ya safari, risiti zako ni karatasi tu.

Sasa sheria yenyewe inataka nini. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ambayo sisi tunaiita CPC tu, ilitungwa mwaka 1966 na ilichukua mfumo wake kwenye sheria ya India ya 1908, ndo maana ukisoma maamuzi ya India unajiona uko nyumbani. Amri ya VI ya sheria hiyo, kanuni ya 17, inasema mahakama inaweza, katika hatua yoyote ya shauri, kumruhusu upande wowote kubadili au kurekebisha karatasi zake kwa namna na masharti yatakayokuwa ya haki, na inaendelea kusema kwamba marekebisho yote yanayohitajika ili kuamua ugomvi halisi kati ya wadaawa, yani pande za kesi, yatafanyika. Isome taratibu hiyo sentensi. Sehemu ya kwanza inaipa mahakama hiari, ya pili inakaribia kuiamuru. Na maneno ya muhimu kuliko yote ni hayo ya ugomvi halisi, kwamba mahakama haikuwekwa pale kuwasahihisha mawakili insha, imewekwa imalize kilichowapeleka watu pale.

Watu wengi wakisikia marekebisho wanawaza makosa ya jina na tarehe. Hayo ni madogo, yapo na yanaruhusiwa kirahisi. Uzito wa marekebisho kwangu mimi uko kwenye tarehe ya kufungua kesi.

Ukirekebisha hati, kesi inabaki ileile, iliyofunguliwa siku ileile. Ukiiondoa kesi ukafungua nyingine, hiyo ni kesi mpya na siku yake ni mpya, na Amri ya XXIII inasema wazi kwamba hata kama umepewa ruhusa ya kufungua upya, kwenye mambo ya ukomo wa muda, yani muda wa mwisho wa kufungua kesi, utahesabiwa kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kuwepo. Sasa weka hiyo pembeni ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89: mkataba miaka 6, madhara kama ajali au kukashifiwa miaka 3, ardhi miaka 12. Ukipita hapo kifungu cha 3 kinaiambia mahakama itupilie mbali shauri, hata kama mdaiwa mwenyewe hajalalamika.

Namjua mzee mmoja mfanyabiashara wa mchele huku kanda ya ziwa aliyemuuzia mtu mzigo kwa mkataba wa maandishi, saini zipo, mashahidi wapo, mnunuzi hakumaliza kulipa. Mzee wa watu alivumilia, akasuluhisha, akapelekana kwa viongozi wa dini, miaka ikaenda, akaja kufungua kesi mwaka wa sita umeshaanza lakini yuko ndani ya muda. Hati yake ilikuwa na kasoro moja kubwa, haikusema ni lini hasa malipo yalitakiwa kukamilika na lini mdaiwa alivunja mkataba, na jina la kampuni ya mdaiwa liliandikwa nusunusu. Wakili aliyekuwa naye wakati huo alipoona utetezi umegusia hayo akaona njia safi ni kuiondoa kesi, akaomba, akapewa ruhusa ya kufungua upya, wakatoka mahakamani wanapeana mikono. Ikapita miezi ya kutafuta hela ya kufungulia, ya kuandika upya, ya mzee kuumwa. Kesi mpya ilipoingia miaka 6 ilishapita. Ikatupwa. Deni lilikuwa la kweli, na mdaiwa hakuwahi kusema kwamba hadaiwi. Na kasoro zote mbili zilikuwa za kuombewa marekebisho kwa dakika kumi siku ya kutajwa kwa kesi. Mpaka leo nikikutana na yule mzee ananiuliza ilikuaje, na namweleza tena, na hakuna namna nzuri ya kulieleza.

Kwahiyo wasomi wenzangu, kabla hujasimama kusema "mheshimiwa tunaomba kuondoa shauri", chukua kalamu uhesabu muda umebaki kiasi gani. Na mteja nawe muulize wakili wako swali hilohilo, ni haki yako kuuliza.

Hofu ninayoisikia ni kwamba mahakama itakataa, au jaji atamuona wakili hajui kazi. Hofu hiyo haina msingi ukisoma maamuzi. Kesi inayotajwa kila mahali Afrika Mashariki ni Eastern Bakery dhidi ya Castelino, iliyotoka Uganda ikaamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1958, imo kwenye East Africa Law Reports za mwaka huo ukurasa wa 461. Msimamo wake ni kwamba marekebisho yanayoombwa kabla ya kusikilizwa yaruhusiwe kwa uhuru kama yanaweza kufanyika bila kumdhulumu upande wa pili, na hakuna dhuluma kama huyo wa pili anaweza kufidiwa kwa gharama. Wazo hilo lilitoka Uingereza, kule kwenye Cropper dhidi ya Smith ya 1884 Jaji Bowen alishasema kazi ya mahakama ni kuamua haki za watu na siyo kuwaadhibu kwa makosa wanayofanya wakati wa kuendesha kesi zao. Kwahiyo gharama ndo bei ya kosa. Mwenzako kaandika utetezi, itabidi auandike tena, mlipe usumbufu wake mwendelee. Na gharama hizo ukiziweka pembeni ya thamani ya kesi nzima iliyokufa, utaona ni kidogo.

Mipaka ipo lakini, na hapa ndo pa kukaa kidogo maana ndo panapowachanganya watu. Eastern Bakery yenyewe inasema huwezi kutumia marekebisho kubadili kesi ya aina moja kuwa kesi nyingine ya asili tofauti kabisa. Umefungua unadai kodi ya nyumba, huwezi kugeuka ukasema sasa ni kesi ya kuivunja ndoa, huo ni mfano wa kuzidisha ila umenielewa. Mpaka wa pili ni ukomo wa muda, na hadithi yake naipenda kuisimulia.

Kulikuwa na mama mmoja Uingereza anaitwa Georgina Weldon, mwimbaji, mwenye sauti nzuri na msimamo mkali. Mwaka 1878 mume wake alijaribu kumfungia kwenye hospitali ya vichaa, madaktari wakaletwa nyumbani, yeye akatoroka akajificha mpaka hati ya kumfungia ikapitwa na wakati. Wakati huo mwanamke aliyeolewa alikuwa hana nguvu ya kufungua kesi ya namna hiyo peke yake bila mume, na mume ndo huyohuyo aliyetaka kumfungia. Ikaja sheria ya mali za wanawake walioolewa ya 1882 ikamfungulia mlango, na mama yule akaingia mahakamani na kesi nyingi, moja baada ya nyingine, nyingi akizisimamia mwenyewe bila wakili. Katika hizo kuna moja dhidi ya mtu anaitwa Neal. Alifungua akidai amekashifiwa kwa maneno. Baadae, kesi ikiwa inarudiwa, akarekebisha madai yake akaongeza na mengine, kushambuliwa, kufungiwa isivyo halali. Shida ni kwamba hayo mapya, kama angeyafungulia kesi yake siku ile anayaongeza, yangekuwa yameshapitwa na muda. Mwaka 1887 mahakama ya rufaa chini ya Lord Esher ikakataa. Ikasema huwezi kuruhusu marekebisho yatakayomnyang'anya mdaiwa kinga aliyokwisha kuipata kwa ukomo wa muda, labda kuwe na mazingira ya pekee sana.

Weldon dhidi ya Neal bado inatajwa Dar, Nairobi na Kampala mpaka leo, zaidi ya miaka mia moja baadae. Namwonea huruma yule mama, alikuwa na malalamiko ya kweli na alikuwa anapambana peke yake na mfumo mzima. Lakini kanuni naiona ni ya haki, na zaidi inatufundisha kuweka kila dai mapema. Ongeza maelezo, fafanua tarehe, tengeneza hesabu, hizo zinabaki ndani ya kesi uliyofungua. Dai jipya lenye miguu yake lina saa yake linayohesabiwa nayo, na kesi yako ya zamani hailibebi. Kenya wameliandika kabisa kwenye kanuni zao za 2010, Amri ya 8, kwamba hata kama muda umeshapita mahakama inaweza kuruhusu kurekebisha jina la mdaawa pale ambapo kosa lilikuwa la kweli na halikumpotosha mtu nani hasa anashtakiwa, na inaweza kuruhusu sababu mpya ya madai, yani jambo jipya linalokupa haki ya kudai, kama inatokana na matukio yaleyale au yanayofanana kwa sehemu kubwa. Nadhani ni uandishi mzuri sana wa sheria na natamani na sisi tungekuwa nao kwa maneno hayo hayo.

Haya, sasa pingamizi la awali, yani PO, maana hapa ndo kesi zinakoendaga kufia.

Mdaiwa anapoleta PO anasema hata tukikubali kila kitu alichoandika mdai kuwa ni kweli, kesi hii kisheria haisimami. Ndo maana ya ile kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969 ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaikariri. Sasa PO ikishaingia kwenye jalada, ukikurupuka kuomba marekebisho ya kitu kilekile alichokipinga mwenzako, atasimama atasema unataka kuliua pingamizi langu kabla halijasikilizwa, na mahakama itamsikiliza. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye shauri la Method Kimomogoro dhidi ya Bodi ya Wadhamini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, maombi namba 1 ya 2005, kwamba haitavumilia tabia ya wakili kujaribu kulikwepa pingamizi la awali kwa kurekebisha kosa linalolalamikiwa. Unaona basi kwanini nasisitiza mapema. Kosa lilelile, marekebisho yaleyale, wiki mbili kabla ya PO ni jambo la kawaida linalopita bila kelele, wiki mbili baada ya PO ni vita.

Na utetezi unapoingia, usome siku hiyohiyo ukiwa na hati yako mkononi. Utetezi mara nyingi unakuonyesha udhaifu kabla PO haijaandikwa, mdaiwa anakana aya ya 6 kwa namna ya ajabu ajabu, anaomba "uthibitisho mkali" wa kitu ambacho wewe hata hukukieleza. Hiyo ni taarifa umepewa.

PO ikishaingia bado kuna mlango mmoja ambao naona wengi hawaugongi. Amri ya VII kanuni ya 11 ndo inayoruhusu hati ya madai kukataliwa kama haionyeshi sababu ya madai au kama inaonekana imezuiwa na sheria. Lakini kanuni hiyohiyo kwetu ina sharti la chini yake, kwamba kama mahakama imeridhika kuwa mdai akiruhusiwa kurekebisha basi hati itaonyesha sababu ya madai, au haitaonekana tena kuwa imezuiwa na sheria, inaweza kumruhusu kurekebisha kwa masharti ya gharama au mengineyo. Kwahiyo ukiwa unajibu PO ya namna hiyo, jibu kwanza kwa hoja kwamba hati yako iko sawa, kisha mwishoni sema, kama mahakama itaona tofauti tunaomba itumie hilo sharti la kanuni ya 11 ituruhusu turekebishe, na utaje kabisa ni kitu gani utakiongeza. Hapo hukwepi pingamizi, unaijibu na unaomba kile ambacho sheria yenyewe imekiweka mezani. Usipoomba, mahakama haina wajibu wa kukukumbusha. Mfano mzuri ni yule ambaye muda wake unaonekana umepita lakini mdaiwa alikiri deni kwa maandishi miaka michache baadae. Kukiri kule kunaianzisha saa upya, lakini Amri ya VII kanuni ya 6 inataka hiyo sababu ya kutoka nje ya ukomo iandikwe ndani ya hati yenyewe. Barua ya kukiri ipo kabatini, kwenye hati haimo. Hiyo ni kesi ya kurekebisha, haikupaswa kufa.

Baada ya 2018 bunge lilipoingiza kwenye CPC ile kanuni ya lengo kuu, kwamba kesi ziamuliwe kwa haki na haraka, kwa Sheria namba 8 ya mwaka huo, mawakili tukaibatiza oksijeni, kila mtu akadhani sasa kasoro zote zinasamehewa. Na Katiba yetu ibara ya 107A nayo inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Naunga mkono yote hayo kwa moyo. Ila Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya kijiji cha Mondorosi dhidi ya kampuni ya bia ilitulia ikasema oksijeni haitumiki kiholela kuvuka masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Kwahiyo usiache kurekebisha kwa kutegemea kuhurumiwa. Omba marekebisho, halafu oksijeni itumie kama hoja ya kuunga mkono ombi lako, hapo inafanya kazi vizuri.

Kesi za ardhi niziseme peke yake maana ndo nyingi kwenye meza yangu. Makosa yake yanajirudia. La kwanza ni maelezo ya eneo, mtu anaandika "kiwanja kilichopo Buswelu" basi, wakati Amri ya VII kanuni ya 3 inataka maelezo yanayotosha kulitambua eneo, mipaka, au namba ya kiwanja na kitalu kama limepimwa. Ukishinda kwa hati ya namna hiyo dalali wa mahakama atakwenda kukaza hukumu, yani kuitekeleza, kwenye kiwanja cha nani? La pili ni wadaawa. Umemshtaki aliyenunua na aliyekaa ndani, aliyemuuzia hukumgusa. Uamuzi wa Juma B. Kadala dhidi ya Laurent Mnkande wa mwaka 1983 unasema kwenye kudai ardhi iliyouzwa kwa mtu mwingine, mnunuzi na muuzaji wote waunganishwe. Amri ya I kanuni ya 10 inaruhusu kumuongeza mtu hatua yoyote, kisha unarekebisha hati ili huyo mpya ajue anashtakiwa kwa lipi.

Hapo kwenye kuongeza mdaawa kuna mtego, na ndo mahali pekee ambapo nakubali kwa urahisi kwamba kuiondoa kesi kunaweza kuwa njia sahihi. Kama anayetakiwa kuongezwa ni halmashauri, au wizara, au shirika la umma, basi unaingia kwenye Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe na shauri liende Mahakama Kuu. Huwezi kuruka notisi kwa kupitia mlango wa marekebisho. Hapo unahesabu muda wako, kama upo wa kutosha unaiondoa kwa ruhusa, unatoa notisi, unafungua panapostahili. Ardhi ina miaka 12 kwahiyo mara nyingi muda upo, lakini hesabu.

Namna ya kuomba siyo ngumu. Utaratibu wa kawaida ni maombi ya maandishi yenye kiapo, ila mahakama ina uwezo wa kusikiliza ombi la mdomo, na kwa kosa dogo mwanzoni mwa kesi wakili wa upande wa pili akiwa muungwana mnamaliza hapohapo. Kwa jambo kubwa leta kiapo, eleza kosa lilitokeaje, lini ulilijua, unataka kubadili nini, na ambatanisha rasimu ya hati mpya ili jaji aone kwa macho. Ukichelewa mpaka mashahidi wameanza kuongea bado kanuni inasema hatua yoyote, lakini swali litabadilika, wataanza kukuuliza ulikuwa wapi, na kama ratiba ya kesi imeshapangwa utatakiwa uonyeshe haki inalazimu kuivuruga. India kule tulikoichukua sheria waliongeza sharti mwaka 2002 kwamba kesi ikishaanza kusikilizwa hakuna marekebisho isipokuwa uonyeshe kwamba hata kwa umakini usingeweza kulileta jambo hilo mapema. Sisi hatujafika huko na mimi ningependa tusifike.

Ukipewa ruhusa usitanue. Umeruhusiwa kurekebisha maelezo ya eneo, usiingize na mdaiwa mpya na milioni mia za ziada, hati itaondolewa na utakuwa umepoteza imani ya mahakama. Na zingatia muda uliopewa, ukipita huruhusiwi tena mpaka uongezewe, Kenya ni siku 14 kama jaji hakutaja, ruhusa inakufa yenyewe. Wakenya pia wana utaratibu ninaoupenda wa wino mwekundu, maneno yaliyofutwa yanapigwa mstari mwekundu lakini yabaki yanasomeka, yaliyoongezwa yanapigiwa mstari mwekundu chini, na ukirekebisha tena unatumia rangi nyingine. Kila mtu anaona kilichobadilika. Huku kwetu hata kama hulazimishwi, nashauri mpelekee mwenzako nakala iliyowekwa alama namna hiyo, ubishi unapungua sana.

Kingine, hati mpya ikishaingia ile ya zamani haiongozi tena kesi, ni msimamo wa tangu Warner dhidi ya Sampson ya 1959, kwamba kilichokuwepo kabla ya marekebisho hakiamui tena ni mambo gani yatasikilizwa. Kwahiyo hati iliyorekebishwa iwe kamili, inajitegemea, na viambatisho vyote vimo upya, usiandike "kama ilivyokuwa kwenye hati ya awali". Mdaiwa naye apewe nafasi ya kujibu, na kama wewe ndo mdaiwa usilale kwa kudhani utetezi wako wa zamani unatosha, yale mapya usipoyakana yanaweza kuhesabiwa umeyakubali.

Sasa hivi baada ya Sheria namba 1 ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hati nyingi zinakuja kwa Kiswahili na mimi nafurahi, mteja anasoma mwenyewe. Basi mtumieni. Mpe asome hati iliyorekebishwa aya kwa aya kabla haijaingia kwenye mfumo wa mtandao wa mahakama, yeye ndo anajua kama ni kweli alilipwa Machi au Mei. Na uhakiki wa chini, pale mteja anaposema aya zipi anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa, lazima uandikwe upya, maana ukiongeza aya mbili katikati namba zote zinasogea, aya ya 9 inakuwa ya 11, na uhakiki wa zamani utakuwa unasema aya ya 9 anaijua mwenyewe wakati sasa hivi hiyo 9 ni jambo aliloambiwa na jirani. Asaini tena, na tarehe iwe ya siku anayosaini.